Insha Iliyomzika Mpishi

Nyumbani, 7 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hapa sote wazima. Mama ana oda ya sare za shule, sebule yote imekuwa bluu, na ukikaa vibaya unaweza kushonwa na wewe. Anakusalimu na anauliza kama lile sweta la kijivu bado lina viwiko.

Habari kubwa ni hii. Mkuu wa shule alituita ofisini watu wawili, mimi na yule kijana wa darasani kwetu tunayemwita Kipaza kwa jinsi anavyoongea. Alama zetu zilikuwa za juu, kwa hiyo anataka tuombe nafasi kwenye vyuo vikuu vya Marekani, vile ambavyo dunia nzima inavigombania. Wanachukua wachache mno. Kwenye watu mia wanaoomba wanaweza kubaki wanne, na hao wanne ni wa kutoka kila pembe. Lakini wakikuchukua na kwenu hamna kitu, wanakulipia yote, mpaka nauli. Baba, nakitaka hiki kitu. Sijawahi kutaka jambo namna hii tangu nizaliwe, na nakuambia mapema kabla hujaanza kunitania.

Mtihani si tatizo. Tatizo ni insha. Wanataka uandike juu yako mwenyewe, wakujue wewe ni nani. Mkuu wa shule ametupeleka kwa jamaa mwenye ofisi juu ya duka la simu, anasaidia wanafunzi kuomba vyuo vya nje, wote wanamwita Mshauri. Nilimpelekea insha yangu. Nilikuwa nimeandika kwamba mimi ni mtiifu, napenda kusoma na nawaheshimu wakubwa. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema huu ni uji wa mgonjwa. Kisha akaniuliza: kwenu nani amepatwa na matatizo? Nikafikiri sana, nikamwambia hakuna. Alisikitika kweli, kama mtu aliyefika dukani akakuta sukari imekwisha.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Una tatizo lolote ninaloweza kulitumia?

Mwanao,
Wakili


Kambini, 19 Septemba

Wakili wangu,

Marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la mboga, pamoja na kabichi zilizonyauka kuliko yeye mwenyewe. Mimi ni mzima. Barabara imefika mtoni na sasa wajenzi wanabishana na maji.

Najua utauliza tena kwa nini sipigi simu, si bure nilikupa jina la Wakili. Mtandao uko juu ya kilima tu, na pale kilimani tunapanga foleni, kila mmoja anasikia mambo ya nyumba ya mwenzake. Fundi wa matingatinga juzi ameachwa na mchumba mbele ya foleni nzima, na watu wakamshauri cha kujibu. Mimi mambo yangu na wewe sitaki yashauriwe na foleni.

Kuhusu matatizo, nimejipekua. Niliungua mkono mwaka ule. Nilifukuzwa hotelini kwa sababu ya supu, lakini kusema kweli kwa supu ile hata mimi ningejifukuza. Mgongo unauma nikiinua sufuria la maharage. Zaidi ya hapo sina kitu cha kukupa, mwanangu. Ukiona moja linafaa, chukua.

Ila nikwambie jambo moja. Hapa jikoni nina sheria: mpishi haonji chungu chake peke yake. Ulimi uliokaa na moshi tangu alfajiri hausemi kweli. Namwita yeyote anayepita, namwambia onja, useme. Na wewe ukimaliza insha yako niletee niionje. Kiingereza changu ni cha kuagizia mayai, lakini yupo Mpimaji, kijana anayepimia barabara. Amesoma, na anakula kwangu kila siku, kwa hiyo hawezi kukataa.

Nenda ukavigombanie hivyo vyuo. Na mimi nakitaka hicho kitu, kwa kuwa wewe unakitaka.

Baba yako,
mpishi wa kambi


Nyumbani, 14 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mambo yamekuwa mengi.

Tumeshauriwa tuingie kwenye raundi ya mapema. Unachagua chuo kimoja tu, unatuma mwanzoni mwa Novemba, unajibiwa kabla ya mwaka kwisha. Wakikukubali, basi, umemaliza, hupeleki maombi kwingine. Wakikukataa kuna vingine vitano, tarehe yake ya mwisho ni mwaka mpya. Nimechagua kile chenye uhandisi wa maji.

Mama amebadilisha sindano ya cherehani mara ya tatu. Jirani amepaka ukuta wake rangi ya chungwa, ukifungua dirisha asubuhi unafumba macho. Paka wake anakuja kulala kwetu, nadhani hata yeye hapendi ile rangi.

Insha inaendelea. Mshauri amenisaidia kuinyoosha. Ni Kiingereza kigumu kidogo, usijisumbue nayo.

Wakili


Kambini, 26 Oktoba

Wakili,

Marahaba. Umenieleza sindano, umenieleza ukuta, umenieleza na paka wa watu. Insha umeipa mistari miwili.

Kigumu si neno. Mpimaji nimeshamwambia, yuko tayari, na ametaka kipande cha nyama cha ziada kama malipo. Tuma.

Baba


Nyumbani, 9 Novemba

Baba,

Shikamoo. Maombi nimetuma. Niliikodolea macho ile alama ya kutuma mpaka Kipaza akanisaidia kubonyeza. Yeye ametuma chuo kingine.

Sikiliza, Baba, hili ni muhimu. Mama alipofunga furushi lako la sweta na soksi alikuta insha yangu mezani, akaitia ndani. Alidhani anakufurahisha. Lori lilishaondoka niliporudi. Ile karatasi ni rasimu tu, ina makosa. Usimpe Mpimaji. Nakuomba. Washia moto.

Wakili


Kambini, 11 Novemba

Wakili wangu,

Sijui nianzie wapi. Furushi limefika jana, sweta linanitosha, mwambie Mama mkono wake bado ni ule ule. Na ndani ya sweta nimekuta insha. Nilijua tu utatuma.

Tulikaa jikoni baada ya chakula cha mchana. Mimi nakata kabichi, Mpimaji anasoma huku ananifasiria. Mwanzoni koo lilimkauka, akaomba maji, akakohoa kidogo. Halafu akaenda vizuri mpaka mwisho. Mwanangu, sikujua. Sikujua kwamba uliwahi kuniona namna hiyo. Umesema nikishika kisu nanyamaza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Umesema ulijifunza kugawanya kwa kugawa vitunguu mezani kwangu, hiki cha Mama, hiki cha wageni. Hilo la vitunguu silikumbuki, lakini uzee nao. Umesema watu wanaijenga barabara, na baba yako ndiye anayewajenga hao watu asubuhi. Hapo niliacha kukata kabichi.

Nimemwambia Mpimaji alete sahani, nikamjazia. Karatasi nimeiweka chini ya godoro. Wasipokuchukua hao, basi hawajui kusoma.

Miaka hii yote nilikuwa nafikiri kwamba mtoto anaona mgongo wa baba tu, anavyoondoka na begi. Kumbe uliona na mikono. Nimefurahi kupita kiasi, nakuambia wazi.

Baba yako


Nyumbani, 20 Novemba

Kwa Mpimaji,

Hujambo, kaka. Hatufahamiani. Mimi ni binti wa mpishi wenu.

Baba ameniandikia kwamba umemsomea insha yangu. Aliyoyasema kwenye barua yake hayamo kwenye ile karatasi. Wewe unajua na mimi najua. Naomba uniambie umemsomea nini, na kwa nini.

Binti wa mpishi


Kambini, 29 Novemba

Dada,

Sijambo. Nitajibu kwa ufupi kwa sababu nikirefusha nitakuwa mkali.

Nilianza kusoma kama alivyoniomba. Aya ya kwanza ni nzuri, inahusu maji, niliifasiri kama ilivyo. Aya ya pili inasema baba yako alifariki ukiwa na miaka kumi na miwili, kwa baruti ya kupasulia mawe, kwenye kazi ya barabara. Nikainua macho. Baba yako alikuwa mbele yangu, ana kabichi mkononi, amenisogezea na kigoda nikae vizuri. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nikaomba maji. Nikayanywa taratibu. Halafu nikaanza kumsomea mambo ninayoyaona mimi kila siku nikija kula. Sikujua kama nina kipaji hicho. Vitunguu nimevitoa kwangu, ni marehemu bibi yangu aliyenifundisha hesabu hivyo.

Mimi kazi yangu ni kupima. Nikidanganya upana wa kidole hapa, barabara inapita sebuleni kwa mtu. Sijawahi kudanganya vipimo. Mtu wa kwanza kumdanganya kambini humu ni yule anayenilisha, na ni kwa ajili yako. Nimemdanganya ili asijue amekufa. Kumfufua si kazi yangu.

Mpimaji


Kambini, 6 Desemba

Wakili,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima. Narudia, mimi ni mzima.

Ile barua yako ya kusema niwashie moto imenifikia baadaye, kwa lori lililofuata. Karatasi sijaichoma. Nilimwomba Mpimaji anisomee mara ya pili, maana kitu kizuri hurudiwa. Amenisomea.

Mvua imeanza. Kuni zinatoa moshi, macho yananiwasha. Chakula kinaenda.

Je, majibu ya chuo yanatoka lini? Na ukiwa na la kuniambia, niambie. Dereva wa lori halalamiki bahasha ikiwa nzito.

Baba yako,
aliye jikoni


Nyumbani, 18 Desemba

Baba,

Shikamoo. Tafadhali kaa chini ndipo usome. Kama Mpimaji yupo hapo mwambie atoke, hii ni ya Kiswahili, utaisoma mwenyewe.

Wamenikubali. Ilikuja jioni, nikasoma mara nyingi mpaka Mama akafikiri naumwa. Alipoelewa aliimba, akaimba mpaka mwenye paka akaja kuuliza kuna nini. Wamenikubali, na wanalipa yote.

Kesho yake ikaja barua ya ofisi ya ufadhili. Wanapongeza, na wanaomba nyaraka mbili. Moja inaonyesha kipato cha Mama. Ya pili ni cheti cha kifo cha baba.

Baba, kwenye ile insha umekufa. Mpimaji hakukusomea insha yangu, alikusomea yake. Ile niliyotuma inasema ulikufa kwa baruti nikiwa na miaka kumi na miwili, na tangu hapo nikaapa kuwa mhandisi. Mshauri ndiye aliyeandika hiyo sehemu, akaniambia insha zote zinazopita ni za namna hiyo, na kwenye ya Kipaza baba yake naye amekufa, kwa homa. Lakini sikushikiwa kisu. Niliisoma, nikaona imependeza, nikaiacha. Niliwaza kwamba uko mbali na hutajua, na kwamba ni maneno tu, na nakitaka sana kile chuo. Nilikuua ili nisome. Hakuna namna nzuri ya kulisema hili.

Niliipeleka ile barua ya ufadhili kwa Mshauri. Hakushtuka. Akasema cheti kinapatikana ndani ya wiki, mtu wake ana mihuri. Akataka jina lako kamili. Nikampa. Akataka tarehe uliyozaliwa. Nikampa. Kisha akateremsha kalenda ukutani, ya miaka ya nyuma, akaniambia chagua tarehe aliyokufa.

Nilishika kalamu, Baba. Nikaangalia Machi, nikakumbuka Machi ile ulikuja na viatu vyangu vya shule, vikubwa, ukavijaza magazeti. Nikaangalia Juni, ukawa unazibua bomba la jirani huku unamtukana kwa upole. Nikaenda Agosti, ulikuwa umelala kwenye kiti na redio inaongea peke yake. Kila mwezi niliougusa nilikukuta humo unafanya kitu. Mshauri akasema chagua yoyote, ni karatasi tu. Nikaweka kalamu chini nikaondoka, na sikuaga.

Jana nimewaandikia chuo. Nimewaambia baba yangu yu hai, ni mpishi wa kambi ya barabara, na nilidanganya. Mama nilimweleza baada ya kutuma. Alirudi kwenye cherehani akashona mkono wa shati kinyume. Nadhani nafasi itafutwa. Vile vitano vingine nitatuma na insha mpya, muda upo kidogo.

Nimeumia kwa ajili ya chuo, nisikufiche. Lakini nikikumbuka ulivyoandika kwamba umefurahi, ndipo nashindwa kula. Nisamehe, Baba. Ukikaa kimya nitaelewa.

Mwanao


Kambini, 29 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Shusha pumzi. Nilijua.

Mpimaji ni mpimaji mzuri lakini uongo wake ni wa siku moja. Nilipomwomba arudie, vitunguu viligeuka viazi. Na lile la kisu na taarifa ya habari lilipotea kabisa, badala yake nikawa naimba. Mimi siimbi. Nikamshukuru, nikachukua karatasi, nikaipeleka kwa karani wa stoo, ambaye anasoma kila kitu kama orodha ya misumari. Alisoma mpaka mwisho bila kupumua, akaikunja, akanipa pole ya msiba. Nikaipokea pole, ningefanyaje?

Nilikasirika. Siku ile watu walikula maharage magumu kama kokoto na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Nilianza barua tatu, zote nikazitia motoni. Halafu nikasema hapana, aliyenizika ndiye atakayenifukua. Nikisema mimi, atabaki anajua kuomba radhi tu. Ndiyo maana nikakuandikia kwamba ni mzima, nikanyamaza. Niliogopa, Wakili. Kila lori likija na mboga bila bahasha nilikuwa naona hutasema kamwe.

Kufa hakukuniuma sana. Watu wa jikoni tumeshatukanwa mengi. Kilichoniuma ni kwamba niliipenda insha ya Mpimaji. Nililala juu yake. Nilidhani hatimaye umeniona, kumbe aliyeniona ni mtu wa kupita na sahani yake. Nikajiuliza, huyu mtoto angenionea wapi? Nakuja mara chache kwa mwaka, nalala kwenye kiti. Hilo si kosa lako. Hilo ni langu na la hii barabara, na sina hakika kama naweza kulirekebisha lote.

Lakini hapo kwenye kalenda umeandika viatu vilivyojazwa magazeti, na bomba la jirani, na redio. Hivyo hakuna aliyekufundisha. Nimesoma hapo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kwa hiyo nimekusamehe, na usiniulize tena. Hao watano natumaini umeshawatumia, na umeandika ya kweli hata kama hayana chumvi. Wakitaka, wakutake hivyo. Mshauri nikikutana naye nitamsalimia kwa mkono, kwa nguvu kidogo. Mpimaji nimeshamwambia kwamba najua. Aliona haya, akala kidogo siku mbili, ya tatu akarudi kwenye kawaida yake.

Baba yako


Nyumbani, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Majibu yote yametoka, nayaandika kwa pamoja ili uyapate kwa pamoja.

Kile cha kwanza unakijua, walifuta nafasi Januari. Walinishukuru kwa kusema kweli, halafu wakafuta. Hawa watano wamesema hapana, mmoja baada ya mwingine, wote kwa adabu sana. Wa mwisho alisema mwaka huu walioomba walikuwa wazuri kupita kawaida. Nililia juu ya vitambaa vya mteja, Mama akanisogeza taratibu nikalilie upande wa taulo.

Ile insha mpya ilikuwa yako. Niliandika kwamba baba yangu akirudi likizo haingii jikoni siku ya kwanza. Anakaa mezani kama mgeni, anakula alichopika Mama, na hata chumvi ikizidi hasemi. Niliandika kwamba ilinichukua miaka mingi kuelewa kuwa ile ni heshima. Na niliandika kwamba niliwahi kudanganya kwamba amekufa. Mkuu wa shule alisema hilo nilitoe. Nililiacha. Labda ndilo lililoniponza, labda silo, hawasemi.

Ningependa kukuambia sijuti. Ninajuta kidogo kila asubuhi, mpaka nipate kazi ya kufanya.

Kipaza amepata. Cheti chake kilikubaliwa, anaondoka Agosti. Sikumwonea wivu mpaka nilipokutana na marehemu baba yake sokoni, ananunua sanduku la safari. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali yako. Nikamwambia hajambo. Jioni Kipaza akaja kwetu. Akanieleza kwamba baba yake hatamsindikiza uwanja wa ndege. Mshauri amewaonya kwamba siku hizi picha zinasambaa, mtu anaweza kuziona mahali akauliza. Wataagana ndani, mlango umefungwa, kisha mjomba atampeleka. Na kwenye simu, kule, atamwita baba yake ami. Mzee amekubali yote. Alinieleza haya kwa kunong'ona, Baba, mwenye mdomo ule. Nikamkaribisha chai, hakuweza kuimaliza.

Mimi nimepata chuo cha hapa nchini, uhandisi wa maji huo huo. Mabweni yao yanavuja, nimeshaambiwa. Wanafungua Septemba. Fomu ya mzazi nimeiweka humu kwenye bahasha. Naomba uweke sahihi, uirudishe na lori.

Wakili


Kambini, 13 Aprili

Wakili wangu,

Marahaba. Sahihi nimeweka, na pale penye nafasi ya maelezo ya ziada nimeandika kwamba mzazi yu hai na ana njaa. Wakikuuliza waambie ni mpishi.

Pole, mwanangu. Najua ulivyokitaka kile kitu, uliniambia kabla sijaanza kukutania, na sasa sitaki kukutania juu yake. Mpimaji amesikia, akasema watu hao hawajui kupima. Hata fundi wa matingatinga, naye ni mtu wa kukataliwa, ameomba nikupe pole zake.

Huyo mzee mwenzangu simcheki. Amempa mwanawe alichokuwa nacho. Ila tangu nisome barua yako, nikikata vitunguu namfikiria, amesimama nyuma ya mlango wake anasikiliza gari linaondoka, na macho yananitoka maji zaidi ya haki ya vitunguu.

Nimekwenda kwa mkuu wa kambi kuomba likizo Septemba. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia nampeleka mwanangu chuo. Akasema watoto wa umri huo hujipeleka wenyewe siku hizi, barabara zipo. Nikamwambia najua zipo, ninawapikia wanaozijenga. Amenipa wiki.

Kwa hiyo jiandae. Nitavaa shati jeupe, Mama alipige pasi. Sanduku nitabeba mimi, na usininyang'anye mbele za watu kwa sababu ya mgongo. Sitaki tupite mlango wa pembeni. Tutapita lango kubwa, mchana, wakati wenzako wote wapo, na nitatembea polepole makusudi. Atakayeuliza huyu mzee ni nani, usiniache nijibu mimi. Umjibu wewe, na umjibu kwa sauti.

Baba yako